Kutoka Rejista hadi Tarakimu: Ubadilishaji wa Namba Kamili kuwa Mfuatano wa Herufi katika Lugha ya Asembli

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna namba kamili iliyohifadhiwa katika rejista ya prosesa inavyogeuzwa kuwa mfuatano wa herufi unaoweza kusomwa na binadamu. Ufafanuzi umejikita katika lugha ya asembli ya prosesa za familia ya x86-64, na mifano imeandikwa kwa kufuata kaida za asembla ya NASM. Hoja kuu ni kwamba kanuni yenyewe ni nyepesi, kwani ni kugawanya kwa kumi na kutunza baki. Hata hivyo, mtunzi wa programu hulazimika kuamua mwenyewe mambo ambayo lugha za ngazi ya juu humwamulia kimyakimya: mpangilio wa tarakimu, alama ya hasi, upana wa namba na sifuri za mwanzo. Tokeni ya umeme ya tarakimu 20 imetumika kuonesha uzito wa maamuzi hayo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi aliyezoea lugha kama C, Java au Python huandika amri moja tu ya kuchapisha, na namba ikatokea kwenye skrini. Anapoingia katika lugha ya asembli, jambo la kwanza linalomshangaza ni kwamba amri hiyo haipo. Prosesa inajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kulinganisha. Inajua kuhamisha baiti kutoka mahali pamoja hadi pengine. Lakini haijui kuandika. Mfumo endeshi nao, mathalani Linux, hupokea anwani ya baiti na idadi yake, kisha huzipeleka kwenye skrini kama zilivyo bila kuuliza zina maana gani. Kati ya namba iliyomo ndani ya rejista na tarakimu zinazoonekana kuna pengo, na pengo hilo halina budi kuzibwa na mtunzi wa programu mwenyewe.

Ufundishaji wa asembli mara nyingi hulipita pengo hili haraka, kwa kumpa mwanafunzi msimbo wa kunakili ili aendelee na mada zinazohesabiwa kuwa nzito zaidi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huko ni kuacha mahali pazuri pa kujifunzia. Katika mistari isiyozidi kumi na mitano mwanafunzi hukutana na mgawanyo, kitanzi, matumizi ya kumbukumbu, uwakilishi wa namba hasi na kikomo cha upana wa rejista. Isitoshe, suala lenyewe si la darasani tu. Mita ya umeme, mizani ya dukani na mashine ya kutolea risiti zote huonesha namba, na mtu aliyesimama mbele yake hana njia ya kuiona rejista. Anachokiona na kukiamini ni tarakimu.

2.0 Namba na Tarakimu

Kiswahili kinatusaidia mapema, kwa kuwa kina maneno mawili ambayo wanahisabati wetu huyatenganisha vizuri. Namba ni kiasi. Tarakimu ni alama ya kuandikia kiasi hicho, nazo ziko kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii hufifia. Tunasema "namba ya simu", ilhali hakuna anayejumlisha namba mbili za simu wala anayeuliza ipi ni kubwa kuliko nyingine. Ile sifuri ya mwanzo haina thamani yoyote ya kihesabu, lakini ukiiacha simu haiendi. Namba ya simu, kwa istilahi za kompyuta, si namba bali ni mfuatano wa tarakimu. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya mwisho, kwa sababu huko ndiko kosa lake linakoumiza.

Tuchukue mwaka 1964. Ndani ya rejista, kiasi hiki kimehifadhiwa katika mfumo wa mbili kama 11110101100, yaani 1024 + 512 + 256 + 128 + 32 + 8 + 4. Katika kumbukumbu ya prosesa za x86, ambazo hutanguliza baiti ndogo, namba hiyo hukaa katika baiti mbili: ya kwanza ina thamani 172 na ya pili ina thamani 7, kwa kuwa 7 × 256 + 172 = 1964. Hakuna popote katika baiti hizo ambapo mtu angeweza kunyoosha kidole na kusema "hii hapa ndiyo 9". Tarakimu za mfumo wa kumi hazimo ndani ya rejista; inabidi zikokotolewe.

Iwapo mtunzi atazipeleka baiti hizo kwenye skrini kama zilivyo, hatapata 1964. Baiti ya 172 haina maana katika jedwali la ASCII, ambalo huishia 127, na baiti ya 7 ni amri ya kupiga kengele. Kompyuta inaweza kulia badala ya kuandika. Kinachotakiwa ni baiti nne tofauti kabisa: 49, 57, 54 na 52, ambazo ndizo misimbo ya herufi "1", "9", "6" na "4".

Jedwali la ASCII lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na waliolipanga waliziweka tarakimu zote kumi kwa kufuatana, kuanzia 48 hadi 57. Uamuzi huo ndio unaorahisisha kazi yetu. Ukiwa na kiasi kati ya 0 na 9, jumlisha 48 na umepata herufi yake. Tena 48 katika mfumo wa mbili ni 00110000, kwa hiyo biti nne za chini za kila herufi ya tarakimu ni kiasi chenyewe. Mfumo wa UTF-8 unaotumika leo katika intaneti umeihifadhi misimbo hiyo bila badiliko.

3.0 Kugawanya kwa Kumi

Namba yoyote isiyo hasi ikigawanywa kwa kumi, baki ni tarakimu yake ya mwisho, na jibu ni namba ileile iliyokatwa tarakimu hiyo. 1964 ikigawanywa kwa 10 jibu ni 196 na baki ni 4. 196 ikigawanywa, jibu ni 19 na baki ni 6. 19 inatoa 1 na baki 9. Mwisho, 1 inatoa 0 na baki 1. Jibu likiwa sifuri, kazi imekwisha.

Tazama mpangilio wa mabaki hayo: 4, 6, 9, 1. Tarakimu zinatoka kinyume na tunavyoziandika. Sisi husema "elfu moja mia tisa sitini na nne", tukianza na kikubwa na kumalizia na kidogo. Kwa namba zilizo chini ya mia, Kiarabu hutanguliza mamoja kabla ya makumi. Kiswahili kiliazima maneno sitini, sabini na tisini kutoka huko lakini hakikuazima mpangilio huo. Kanuni ya kugawanya, kwa bahati, iko upande wa Kiarabu: huanza na mamoja.

Kuna njia mbili za kawaida za kuugeuza mpangilio. Ya kwanza ni kulisukuma kila baki kwenye rundo, kisha kuyatoa yote. Kwa kuwa rundo hutoa mwanzo kile kilichoingia mwisho, tarakimu hujipanga zenyewe. Ya pili ni kuandika ndani ya bafa kuanzia nyuma kwenda mbele. Njia ya pili inapendekezwa hapa, kwani haina kitanzi cha ziada na haitumii baiti nane za rundo kuhifadhi tarakimu inayotosha katika baiti moja.

```
; Kiingiacho:  rax = namba isiyo na alama
;              rdi = anwani inayofuata baiti ya mwisho ya bafa
; Kitokacho:   rdi = anwani ya tarakimu ya kwanza
andika:
    mov   rcx, 10
.rudia:
    xor   edx, edx       ; safisha nusu ya juu
    div   rcx            ; rax = jibu, rdx = baki
    add   dl, 48         ; baki liwe herufi
    dec   rdi
    mov   [rdi], dl
    test  rax, rax
    jnz   .rudia
    ret
```

Mistari miwili katika msimbo huu inastahili kuangaliwa kwa makini. Wa kwanza ni ule wa `xor`. Amri ya `div` haigawanyi rejista ya rax peke yake. Hugawanya namba ya biti 128 ambayo nusu yake ya juu imo katika rdx na nusu ya chini katika rax. Baada ya mzunguko wa kwanza wa kitanzi, rdx haina tena sifuri. Kwa mfano wetu ina 52, yaani lile baki la 4 lililokwisha kugeuzwa kuwa herufi. Asipoisafisha, mtunzi ataiamuru prosesa igawanye namba kubwa mno, jibu halitaenea katika biti 64, na prosesa itasimamisha kazi. Linux huripoti tukio hilo kwa ishara ambayo jina lake linahusu hesabu za desimali, ingawa programu haina desimali hata moja. Wanaoanza hupoteza muda mwingi wakitafuta kosa mahali ambapo halipo, kwa sababu tu ujumbe umewapotosha.

Mstari wa pili ni ule wa `test`, au tuseme mahali ulipowekwa. Sharti la kutoka liko mwishoni mwa kitanzi. Mtunzi anayefikiri kwa kawaida ya "maadamu namba si sifuri, gawanya" ataliweka mwanzoni, na programu yake itafanya kazi vizuri kwa kila namba isipokuwa sifuri, ambayo haitaandikwa kabisa. Mtu akiwa hana salio, skrini itabaki tupu. Sharti likikaa mwishoni, sifuri nayo hupita mara moja kwenye mgawanyo, huacha baki la 0, na huandikwa "0" bila kuhitaji uangalizi wa pekee.

Ukubwa wa bafa si jambo la kubahatisha. Namba kubwa kuliko zote ya biti 64 isiyo na alama ni 18446744073709551615, yenye tarakimu 20. Kwa biti 32 ni 4294967295, tarakimu 10. Kuchapisha kwenyewe, baada ya hapo, ni suala la kutoa anwani ya mwanzo kutoka anwani ya mwisho ili kupata idadi ya baiti, kisha kuuita mfumo endeshi.

4.0 Alama ya Hasi na Namba Iliyo Chini Kuliko Zote

Namba hasi huhifadhiwa kwa utaratibu uitwao kijalizo cha mbili: biti zote hupinduliwa kisha hujumlishwa 1. Biti ya juu kabisa ikiwa 1, namba ni hasi. Njia rahisi ya kuiandika ni kuangalia biti hiyo, kuigeuza namba kuwa chanya, kuiandika kama kawaida, na kuweka alama ya hasi, ambayo msimbo wake ni 45, mbele ya tarakimu. Kuandika kutoka nyuma kunatufaa tena, kwa kuwa alama ndiyo ya mwisho kuwekwa.

```
andika_yenye_alama:
    mov   r8, rax        ; kumbuka alama
    test  rax, rax
    jns   .chanya
    neg   rax
.chanya:
    call  andika
    test  r8, r8
    jns   .tayari
    dec   rdi
    mov   byte [rdi], 45
.tayari:
    ret
```

Hapa pana mtego wa siku nyingi. Rejista ya biti 64 yenye alama inabeba namba kuanzia -9223372036854775808 hadi 9223372036854775807. Upande wa hasi una namba moja zaidi. Kwa hiyo ile ya chini kabisa haina mwenzake wa upande wa chanya, na amri ya `neg` ikitumika juu yake hurudisha biti zilezile. Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliuweka mtego huu kama zoezi katika kitabu chao kuhusu lugha ya C: wanamwambia msomaji kwamba programu yao ya kubadilisha namba haiiwezi namba hiyo, kisha wanamtaka aeleze sababu na kuirekebisha.

Katika asembli tuna nafasi ambayo C huificha. Biti zile, zikisomwa kama namba isiyo na alama, ni 9223372036854775808 kamili, yaani hasa kiasi tunachotaka kukiandika. Amri ya `div` huzisoma hivyo. Msimbo uliotolewa hapo juu, kwa kuwa unatumia `div`, unaiandika namba ya chini kabisa kwa usahihi bila nyongeza yoyote. Rejista haina alama wala haikosi alama. Ni amri inayochaguliwa ndiyo inayoamua biti zina maana gani. Hili ni jambo gumu kulieleza kwa maneno matupu, na mfano huu huliweka wazi.

Mtunzi akichagua `idiv`, ambayo ndiyo amri ya kugawanya namba zenye alama, akaitanguliza `cqo` kama ilivyo desturi, mabaki yote ya namba hii yasiyo sifuri yatakuwa hasi. Baki la -8 likijumlishwa 48 linatoa 40, ambayo ni herufi ya mabano ya kufungulia. Baki la -5 linatoa alama ya kujumlisha. Skrini itajaa vituo, mabano na nyota mahali pa tarakimu. Ni afadhali kosa la aina hii kuliko lile linalotoa tarakimu zinazofanana na ukweli, kwa kuwa angalau linajitangaza.

5.0 Prosesa Zisizojua Kugawanya

Sehemu zilizotangulia zimechukulia kwamba amri ya kugawanya ipo. Si kila prosesa inayo. Intel 8080 ya mwaka 1974 na MOS 6502 ya mwaka 1975 hazikuwa nayo, na hata leo Cortex-M0 ya ARM, inayotumika katika vifaa vidogo vya bei nafuu, haina. Kwa upande mwingine, kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964 na zilizolenga pia kazi za biashara, zilikuwa na amri maalumu ya kugeuza namba kutoka mfumo wa mbili hadi wa kumi. Intel 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na `aam`, inayogawanya rejista ya al kwa kumi na kuweka jibu katika ah na baki katika al. Amri hiyo haikubaliki tena katika hali ya biti 64.

Pasipo mgawanyo, njia nyepesi ni kutoa vipeo vya kumi kwa kurudiarudia. Kwa 1964 tunatoa 1000 mara moja, kukabaki 964. Tunatoa 100 mara tisa, kukabaki 64. Tunatoa 10 mara sita, kukabaki 4. Idadi ya mara tulizotoa ndiyo tarakimu. Ni kazi ya keshia anayehesabu noti kubwa kwanza, na tarakimu zake hutoka kwa mpangilio wa Kiswahili, kikubwa mbele.

Njia nyingine husogeza biti za namba kwenda kushoto, moja baada ya nyingine, kuingia katika mafungu ya biti nne nne ambapo kila fungu ni tarakimu moja. Kabla ya kila msogezo, fungu lenye 5 au zaidi huongezewa 3. Sababu ni kwamba kusogeza ni kuzidisha kwa mbili, na 5 ikizidishwa kwa mbili hufikia 10, ambayo haina budi kuvuka kwenda fungu linalofuata. Fungu la biti nne huvuka kwenye 16, si kwenye 10. Tofauti ni 6, na 3 ikizidishwa kwa mbili ndiyo hiyo 6. Njia hii hupendwa zaidi na wanaounda saketi.

6.0 Gharama ya Kugawanya

Hata pale amri ya kugawanya ilipo, ni ghali. Katika vizazi vingi vya prosesa za Intel, kugawanya kwa biti 64 kulichukua makumi ya mapigo ya saa ya prosesa, ilhali kuzidisha huchukua matatu au manne. Namba ya tarakimu 20 inahitaji migawanyo 20. Kwa programu inayoandika mistari michache hili halina uzito wowote, na mwandishi haoni sababu ya mwanafunzi kulihangaikia mapema. Lakini kwa programu inayotoa mamilioni ya rekodi, muda wa kuandika namba unaweza kuwa sehemu kubwa ya kazi nzima.

Kwa kuwa kigawanyo chetu hakibadiliki, daima ni kumi, tunaweza kuzidisha mahali pa kugawanya. Torbjörn Granlund na Peter Montgomery waliieleza mbinu hii kwa ukamilifu mwaka 1994, na watengenezaji wa vikusanyaji vya lugha za programu wameitumia kwa mapana. Tunachukua 2 kwa kipeo cha 67, tunaigawanya kwa 10 na kuikweza hadi namba kamili inayofuata. Tunapata 14757395258967641293, ambayo katika mfumo wa kumi na sita ni CCCCCCCCCCCCCCCD. Kuizidisha namba yetu kwa hiyo, kisha kutupa biti 67 za chini za zao, ni sawa na kugawanya kwa kumi.

```
    mov   r9, 0CCCCCCCCCCCCCCCDh
.rudia:
    mov   rcx, rax           ; tunza namba
    mul   r9                 ; rdx = nusu ya juu ya zao
    shr   rdx, 3             ; 64 + 3 = 67; rdx = jibu
    lea   rax, [rdx+rdx*4]   ; jibu mara 5
    add   rax, rax           ; jibu mara 10
    sub   rcx, rax           ; rcx = baki
    add   cl, 48
    dec   rdi
    mov   [rdi], cl
    mov   rax, rdx
    test  rax, rax
    jnz   .rudia
```

Msomaji makini atauliza: namba ile ilikwezwa, je, kukweza huko hakutaharibu jibu? Swali ni la haki na lina jibu kamili. 2 kwa kipeo cha 67 huacha baki la 8 ikigawanywa kwa 10, kwa hiyo tumeongeza 0.2 tu. Kosa linalotokana na nyongeza hiyo ni namba yetu mara 0.2, ikigawanywa kwa 2 kwa kipeo cha 67. Namba ya biti 64 haifiki 2 kwa kipeo cha 64, hivyo kosa halifiki 0.2 gawanya kwa 8, yaani 0.025. Sehemu kubwa kabisa inayoweza kubaki baada ya kugawanya namba kamili kwa kumi ni 0.9. Jumla yake na kosa haifiki 1, na jibu kamili haliguswi. Mbinu hii si makadirio. Ni sahihi kwa kila namba inayoenea katika rejista.

7.0 Namba Pana Kuliko Rejista: Mfano wa Tokeni ya LUKU

Anayenunua umeme wa LUKU nchini Tanzania hupewa tokeni ya tarakimu 20, ambayo huiingiza katika mita yake. Mita hizi hufuata kiwango kiitwacho STS, kilichoasisiwa Afrika Kusini na kinachotumika pia Kenya na katika nchi nyingine nyingi. Chini ya kiwango hicho, tokeni ni namba moja ya biti 66: biti 64 za taarifa zilizofichwa kwa usimbaji, na biti mbili zinazotaja aina ya tokeni. Tarakimu 20 ni maandishi tu ya namba hiyo. (Ufinyu wa biti si jambo geni katika mita hizi. Kihesabio chao cha dakika kina biti 24 na kilianza kuhesabu tarehe 1 Januari 1993. Kilijaa tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana wateja walitakiwa kuingiza tokeni za ziada kabla ya siku hiyo.)

Kwa mtunzi wa asembli, biti 66 ni adha ya makusudi kabisa: zimezidi rejista kwa biti mbili. Namba kubwa inayoweza kuandikwa kwa biti 66 ni 73786976294838206463. Hapa ndipo ule uzito wa `div`, uliotusumbua katika sehemu ya tatu, unapogeuka kuwa msaada. Amri hiyo hugawanya biti 128, mradi tu thamani iliyo katika rdx iwe ndogo kuliko kigawanyo. Biti mbili za juu haziwezi kuzidi 3, na 3 ni ndogo kuliko 10. Kwa hiyo mgawanyo wa kwanza unaweza kuipokea tokeni nzima kwa mara moja, na jibu lake tayari linaenea katika biti 64.

```
; Kiingiacho:  rdx = biti 2 za juu, rax = biti 64 za chini
;              rdi = anwani inayofuata mwisho wa bafa ya baiti 20
tokeni:
    mov   rcx, 10
    mov   esi, 20
.rudia:
    div   rcx
    add   dl, 48
    dec   rdi
    mov   [rdi], dl
    xor   edx, edx       ; baada ya kugawanya, si kabla
    dec   esi
    jnz   .rudia
    ret
```

Ingekuwa namba ya biti 128 kamili, hila hii isingetosha. Ingebidi nusu ya juu igawanywe kwanza, na baki lake lishushwe mbele ya nusu ya chini, kama mwanafunzi wa shule ya msingi anavyogawanya kwa njia ndefu.

Badiliko la pili katika msimbo huu ni dogo machoni lakini ndilo lenye madhara makubwa zaidi likisahaulika. Kitanzi hakisubiri tena jibu liwe sifuri. Huzunguka mara 20 hasa. Tokeni ni kama namba ya simu: sifuri zake za mwanzo ni sehemu yake. Programu inayokoma jibu linapokuwa sifuri itaandika tokeni fulani kwa tarakimu 19 au pungufu, na mita inasubiri 20. Tunaweza kukadiria jambo hilo lingetokea mara ngapi. Kwa kuwa taarifa zimefichwa kwa usimbaji, tokeni hutawanyika karibu sawasawa katika eneo lote la biti 66. Zinazoanza na sifuri ni zile zilizo chini ya 10 kwa kipeo cha 19, nazo ni takriban asilimia 13.5 ya zote, yaani zaidi ya moja katika kila nane. Mteja amelipa na risiti anayo, lakini nyumba inabaki gizani. Kosa la namna hii ni baya pia kwa sababu halijitokezi katika majaribio ya harakaharaka: tokeni saba kati ya nane hupita salama, na anayepima kwa tano au sita anaweza kuridhika.

Hesabu hiyohiyo inatoa jambo ambalo msomaji anaweza kulihakiki kwa risiti zake mwenyewe. Namba kubwa ya biti 66 huanza na 7, hivyo hakuna tokeni halali inayoanza na 8 wala 9.

Mita yenyewe hufanya kazi ya kinyume. Huanza na sifuri, na kwa kila tarakimu inayobonyezwa huizidisha namba iliyonayo kwa kumi, hutoa 48 kwenye msimbo iwapo imepokea herufi, na kujumlisha. Nayo ni lazima itunze biti 66, si 64. Ikizikata mbili za juu, tokeni zote zinazozidi 18446744073709551615 zitasomwa vibaya.

Anayetaka kuipima programu ya tokeni asitegemee namba za kubuni tu. Aanze na rdx na rax zote zikiwa sifuri, ambapo anatarajia sifuri 20. Kisha aweke rdx = 1 na rax = 0, atarajie 18446744073709551616, ambayo ndiyo namba ya kwanza isiyoenea katika rejista moja. Kisha rdx = 3 na rax ikiwa na biti zote 1, atarajie 73786976294838206463. Mwisho aweke rdx = 0 na rax = 5. Ikitoka 5 peke yake badala ya sifuri kumi na tisa zikifuatwa na 5, kosa limo katika sharti la kutoka kwenye kitanzi, wala asihangaike kukagua mgawanyo.